Kijana wa miaka 13 na vyuma: nimwache au nimzuie?

#1 BabaNjeri_Lanet
Wadau hamjambo. Nina kijana wa miaka 13, yuko Gredi 8, tunaishi hapa Lanet, Nakuru. Likizo hii amejitengenezea vyuma. Alichukua mikebe miwili ya rangi ya lita nne, akaijaza saruji na kokoto zilizobaki tulipojenga choo, akachomeka bomba la maji kuukuu katikati. Nikirudi kazini jioni nampata nyuma ya nyumba amelala chali kwenye benchi ambalo mpaka leo sijaambiwa lilitoka wapi, anasukuma hicho kitu juu chini, dada yake anahesabu.

Sasa anataka nimlipie jimu mjini, yeye na wenzake wawili. Mamangu amesema nikikubali tu, kijana atabaki mfupi kama kinu. Mwenye jimu naye anasema hakuna shida, lete pesa. Mama watoto ameniambia niulize kabla ya kulipa, ndio nauliza. Miaka 13 ni mapema au si mapema? Wenye ujuzi mnijibu. Wa kucheka pia karibuni.

#2 Odijo_Nyalenda
Mama yako amesema ukweli, msikilize. Nina binamu alianza kubeba vyuma tukiwa darasa la saba hapa Kisumu. Leo ana futi tano na inchi mbili. Ndugu zake wote wanainama mlangoni. Unataka ushahidi gani mwingine?

#3 Mulembe_Shinyalu
Odijo, hao ndugu ni wa baba mmoja na mama mmoja? Nauliza tu, usinipige.

Kama uzito hufupisha mtu, sisi watu wa Shinyalu tungekuwa na kimo cha bata. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa nachota maji mtoni na mtungi wa lita 20, kichwani, kilima chote, asubuhi kabla ya shule na jioni tena. Lita 20 ni kilo 20, mtungi wenyewe hujahesabu. Hakuna aliyeanzisha mjadala. Hakuna aliyeniita mwanamichezo pia. Ukichelewa unachapwa. Na niko na futi sita kasoro inchi moja.

#4 Nesi_Kondele
Baba Njeri, asante kwa kuuliza kwanza. Hii hofu ya kufupika ina mzizi wake, si uchawi. Mfupi au mrefu, mtoto anayekua ana sehemu za gegedu karibu na ncha za mifupa mirefu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Gegedu ni laini kuliko mfupa. Wasichana wengi sehemu hizo huanza kufunga kati ya miaka 13 na 15, wavulana 15 hadi 17, hapo karibu. Zikiumia vibaya kabla ya kufunga, mfupa huo unaweza kukua vibaya. Watu wakatoa hapo wazo kwamba uzito wowote huziumiza.

Lakini waliofuatilia watoto wanaofanya mazoezi ya nguvu chini ya msimamizi hawakuona kimo kikipungua. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wake upya mwaka 2020, na hakiwakatazi watoto. Shirika la Afya Duniani mwaka huohuo likasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kutoka jasho kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na kitu cha kutia nguvu misuli na mifupa. Sasa "kitu cha kutia nguvu" kinaweza kuwa kupanda mti. Si lazima iwe mikebe ya saruji.

#5 Odijo_Nyalenda
@Mulembe baba mmoja mama mmoja, na wewe usilete mambo ya ukoo wangu hapa.

Nesi, heshima kwako, ila fungua runinga wakati wa Olimpiki. Wabeba vyuma wote ni wafupi. Yule Mturuki wa zamani alikuwa anafika kwenye kitovu cha mtu. Nani alimfupisha?

#6 Kochi_wa_Zamani
Odijo, hapo umeweka mkokoteni mbele ya punda. Huyo ni Naim Süleymanoğlu, dhahabu tatu za Olimpiki, 1988, 1992 na 1996, kimo mita 1.47. Mikono mifupi na miguu mifupi inamaanisha chuma kinasafiri umbali mdogo kutoka chini hadi juu ya kichwa. Mtu mfupi ana faida hapo, kwa hiyo wafupi ndio wanaobaki kwenye mchezo na ndio unaowaona. Kwa hesabu yako, mpira wa kikapu ungekuwa unarefusha watu, na mimi nimeucheza miaka minane bila kuongeza hata nusu inchi.

Nimefunza vijana wa raga hapa Nakuru miaka mingi. Nitarudi jioni niandike vizuri, sasa niko kazini.

#7 MamaAtieno_Manyatta
Mnaongea vyuma, vyuma. Mtoto anakula nini? Huyo binamu wa Odijo alikuwa anakula nini? Mimi nimelea wanne. Mtoto anafikisha miaka 13, usiku analia magoti, nguo za Januari hazimtoshi Agosti, na wewe unampa ugali na sukuma kidogo aende akanyanyue saruji. Mwili utatoa wapi? Kwanza omena, mayai, maharagwe, maziwa, halafu ndio tuzungumze jimu. Pesa ya jimu nunua trei ya mayai.

#8 Nesi_Kondele
Mama Atieno nakuunga mkono sehemu kubwa. Niongeze tu kwamba kudumaa kwenyewe, kule tunakopima kliniki, huanzia mapema sana, tumboni hadi miaka miwili ya kwanza. Binamu mfupi wa darasa la saba pengine alikuwa ameshaanza safari hiyo kabla hajajua chuma ni nini. Au alirithi kwa nyanya tu. Ndugu wa baba na mama mmoja hawafanani kimo lazima.

#9 Kijana_Amalemba
Mimi niko na miaka 14, niko hapa Kakamega. Naomba niseme kitu kwa sababu wote mnaoongea ni wazee. Hatubebi vyuma kwa sababu ya afya. Tunabeba kwa sababu kuna boi darasani ana kifua na sisi hatuna. Video zote kwa simu ni watu wa vifua. Nimepiga pushapu mia kila siku miezi miwili na shati bado inaning'inia. Tatizo ni nini?

#10 Odijo_Nyalenda
@Kijana_Amalemba tatizo ni kwamba hiyo shati ni ya kaka yako.

#11 Mulembe_Shinyalu
😂😂 Odijo leo umeokoka.

#12 Kochi_wa_Zamani
Kijana, swali lako ni zuri kuliko yote humu, acha wakucheke. Kabla balehe haijakolea, mwili hauna homoni za kutosha kujenga misuli mikubwa. Nguvu inaongezeka, hilo ni kweli, lakini inaongezeka zaidi kwa mishipa ya fahamu kujifunza kuamsha misuli iliyopo. Ni kama kijiji kina wanaume ishirini na siku zote watano tu ndio wanaokuja kwenye harambee ya kazi. Mazoezi yanawaita wengine waje. Kijiji hakijakua, ila kazi inafanyika. Kifua kitakuja na wakati wake. Yule boi mwenye kifua pengine amewatangulia balehe kwa mwaka mzima, basi.

Baba Njeri, hivi ndivyo ninavyofanya na wa miaka 13. Miezi ya kwanza hakuna chuma. Skwoti ya mwili mtupu, pushapu, kujivuta juu kwenye mti wa goli, kisha mpini wa fagio begani ajue mgongo unakaa vipi. Akiweza, uzito mwepesi ambao anaufanya mara 8 hadi 15 bila kupinda mgongo, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Uzito unaongezwa kidogo kidogo. Kitu ambacho sikubali kabisa ni "hebu tuone unaweza kilo ngapi". Hiyo sentensi imevunja watoto kuliko chuma.

#13 Babu_Bondeni
Salaam. Mimi ni wa ndondi, nimezeeka. Pale ukumbi wetu wa Madison, Bondeni, hatukuguswa na chuma. Kamba, begi, kukimbia kuelekea Menengai, pushapu za ngumi kwenye sakafu ya simiti. Mwalimu alikuwa anasema chuma kinamfanya bondia mzito kama lori la mawe. Na pale alitoka Philip Waruinge, akaleta dhahabu ya Olimpiki 1968. Bila chuma.

#14 Kochi_wa_Zamani
Mzee shikamoo. Turekebishe kidogo tu: Mexico 1968 Waruinge alipata shaba, ila alipewa kombe la Val Barker, lile la bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye mashindano. Munich 1972 ndipo akachukua fedha. Dhahabu ya ndondi ya Kenya ni ya Robert Wangila, Seoul 1988.

#15 Babu_Bondeni
Marahaba. Sawa, shaba. Lakini lile kombe lilikuwa zito kuliko dhahabu, waulize waliokuwepo. Na chuma hakikuwepo.

#16 Lumbesa_Molo
Nimesoma yote. Ninyi wa mtungi wa maji mnaongea kama watu ambao migongo yenu bado inakubali kuinama. Mimi nilianza kupakia viazi kwenye malori nikiwa na miaka 15. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Wakati ule ilikuwa lumbesa, gunia limefumwa kofia juu, hata mbili wanakuinulia ukishachuchumaa. Tulikuwa tunalipwa kwa gunia, kwa hivyo hakuna kupumzika mpaka lori lijae. Leo nina miaka 38. Asubuhi mke wangu ndiye ananifunga kamba za viatu. Nikikohoa nashika ukuta.

Sasa mniambie mzigo haudhuru mtoto. Mimi sikufupika, kimo ninacho. Lakini kimo nimefanyia nini?

#17 Mulembe_Shinyalu
Pole sana ndugu. Hapo sina jibu la haraka.

#18 Nesi_Kondele
Pole Lumbesa. Ukipata nafasi nenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, usitegemee dawa za maumivu za kiosk. Na kweli hata mtungi wa kichwani si wa kusifiwa hivyo. Kina mama wanaokuja na shingo tunawaona kila wiki. Kuna tofauti kati ya mzigo unaochagua ukubwa wake, ukaufanya mara kumi, ukapumzika kesho, na mzigo ambao ukubwa wake umeamuliwa na mwenye lori.

#19 FundiVyuma_Free_Area
Mimi nachomelea vifaa vya jimu, kwa hiyo nina maslahi, mniseme. Hakuna mtu amegusa tatizo la kweli. Poda na sindano. Vijana wa shule wananiuliza nani anauza, hata si wa miaka ishirini. Zile homoni za kujaza misuli ndizo zinazofunga mifupa mapema, mtoto anasimama kukua kabla ya wakati. Odijo, muulize binamu yako polepole kama hakuonjeshwa kitu.

#20 Odijo_Nyalenda
Fundi, binamu yangu darasa la saba alikuwa hana hata pesa ya mandazi. Nani angemnunulia sindano?

#21 Nesi_Kondele
Kuhusu hizo homoni Fundi yuko sawa, kwa anayekua zinaweza kufunga sehemu za ukuaji kabla ya wakati, na hapo ufupi ni wa kweli. Poda ya protini ya kawaida ni chakula tu, ghali, ingawa hujui kila mara kilichochanganywa ndani. Maharagwe huwa unayachagua mwenyewe mezani.

#22 Mwl_Gilgil
Na masomo je? Hakuna hata mmoja ametaja masomo.

#23 Kijana_Amalemba
Mwalimu tuko likizo 😭

#24 Shosh_wa_Njoro
Nitawaambia yaliyotokea kwa mjukuu wangu, miaka 14. Jimu sitaitaja, ni hapa hapa kaunti yetu. Walilipa vijana wanne, wakaachwa peke yao, mwenyewe yuko mlangoni na simu. Wakashindana. Mjukuu akalala kwenye benchi, wakamwekea chuma cha mtu mzima, wenzake wakaanza kuhesabu na kurekodi. Mkono wa kushoto ukachoka kwanza. Chuma kikalala upande, kifundo cha mkono kikapinda chini yake. Kwenye picha ya eksirei daktari alituonyesha mstari mahali hapo nesi anaposema, penye gegedu. Alifungwa plasta, anafuatiliwa kila baada ya miezi kadhaa waone kama mfupa unaendelea kukua sawa. Mpaka sasa unaendelea, Mungu ni mwema. Video wanayo mpaka leo, wanaicheka.

#25 Kochi_wa_Zamani
Pole Shosh. Ajali nyingi za vyuma kwa watoto ni za namna hiyo: kuangukiwa, kubanwa vidole, kushindana, mkubwa hayupo. Ndiyo maana swali la miaka mingapi mimi huliweka la pili. La kwanza, huyu mtoto anaweza kufuata maelekezo? Na nani amesimama kichwani mwa benchi?

#26 FundiVyuma_Free_Area
Baba Njeri umepotea kwa uzi wako. Hiyo mikebe umeipima? Mikebe ya saruji haijawahi kulingana tangu dunia iumbwe. Mmoja una kokoto nyingi, mwingine haukujaa. Tundika kwa mzani wa kuuzia chuma chakavu, ncha moja kwenye ndoano, nyingine kwenye tofali, kisha ugeuze. Utuletee hesabu.

#27 MamaAtieno_Manyatta
Na useme anakula nini. Hujajibu.

#28 BabaNjeri_Lanet
Nimerudi. Samahani, nilikuwa zamu. Mama Atieno: jana githeri na parachichi, leo asubuhi chai na mayai mawili, aliomba la tatu akanyimwa na dada yake.

Fundi, nimeenda na kile kitu kwa jamaa wa vyuma chakavu. Kwanza alitaka kukinunua. Upande wa kulia kilo 11, wa kushoto kilo 9 na nusu. Ule wa kushoto ulijazwa mwisho, saruji ikaisha, wakamalizia na mchanga mtupu. Nikikumbuka sasa, kijana amekuwa akisema bega la kulia linamuuma, na yeye alifikiri ndiyo misuli inaingia.

Jumla kilo 20 na nusu.

#29 Mulembe_Shinyalu
Mtungi wa maji! Si nilisema? Kilo 20 na nusu ni mtungi wa maji wa Shinyalu! Baba Njeri mlete mwanao kwetu likizo ijayo, atabeba bure, hakuna ada ya mwezi, na nyanya atamhesabia.

#30 Kochi_wa_Zamani
Mulembe, mtungi ukikushinda unauangusha unalia, maji yanamwagika, unachapwa. Hicho kikimshinda kinatua shingoni. Amelala chali, upande mmoja mzito, anayemsimamia ni dada mwenye kazi ya kuhesabu. Hilo bega lipumzike wiki mbili, likiendelea kuuma aonwe.

#31 BabaNjeri_Lanet
Kuhusu dada. Hapa sasa ndipo nimechanganyikiwa. Niliporudi na mzigo nikamwambia kijana anionyeshe, mimi nimesimama kichwani mwa benchi kama Kochi alivyosema, na nikamwambia akisikia bega aache. Akasukuma mara saba, akaacha. Njeri, ana miaka 15, akasema "na mimi". Akasukuma kumi na mbili akaniuliza aendelee au aache. Kijana ameingia ndani hajatoka mpaka saa hii.

Njeri ndiye huchota maji ya bowser hapa nyumbani, mitungi minne kila jioni.

#32 Odijo_Nyalenda
Wueh. Kurasa mbili tunamjadili mtoto ambaye siye.

#33 Mulembe_Shinyalu
Mitungi minne. Sisemi kitu. Nimenyamaza.

#34 Babu_Bondeni
Huyo binti mlete Bondeni. Chuma hatuna bado.

#35 Nesi_Kondele
Njeri kwa miaka 15 pengine ameshapita kile kipindi cha kurefuka kwa kasi, wasichana hutangulia wavulana kwa kama miaka miwili. Na miaka hii ndiyo mifupa inaweka akiba yake kubwa, wasichana wanaihitaji kuliko mtu yeyote baadaye uzeeni. Mbona hakuna aliyeomba yeye alipiwe jimu?

#36 BabaNjeri_Lanet
Nimemuuliza. Amesema hakuna aliyemuuliza.

#37 Lumbesa_Molo
Muulize pia kama mgongo unamuuma. Na hiyo mitungi minne, mgawie huyo kijana miwili.

#38 Kochi_wa_Zamani
Jumamosi saa mbili asubuhi tunakuwa uwanjani, vijana na wasichana, wazazi wanakaa pale pembeni wakiona. Tuma ujumbe wa faragha nikuelekeze. Njeri aje na viatu vya kukimbilia. Kaka yake aje pia, bega likimuuma atashika saa ya kupigia muda, nayo ni kazi. Benchi lirudishwe lilikotoka.

#39 Mwl_Gilgil
Benchi ni la shule. Naomba nisiseme nimejuaje.

#40 FundiVyuma_Free_Area
Na ile mikebe kama imekosa kazi, nina turubai la banda la kuku linapeperushwa kila jioni hapa Free Area. Nitakuja na bodaboda Jumapili. Nachukua yote miwili, hata ule wa mchanga.